Spika bila simu: historia fupi ya nani anashika kifundo

Leo naweka kando habari za programu za ofisini, nizungumze kuhusu spika. Swali ninaloulizwa kuliko yote huku kwetu nje ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe kote, ni hili: je, spika ya Bluetooth inaweza kutumika bila simu? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni historia, na ndiyo niliyokusudia kuiandika leo, kwa sababu kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaweza kuamini kwamba spika isiyo na waya na simu ni pacha. Si pacha. Redio ina umri wake, rimoti ina umri wake, na simu ndiyo iliyoingia mwisho. Tukishajua iliingiaje, kuitoa si kazi kubwa.

Enzi za redio moja

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka 1928 jijini Nairobi, na waliokusudiwa hasa walikuwa walowezi wa Kizungu. Pwani ilipata sauti yake baadaye. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita. Lakini hewa haina forodha. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwasema wakoloni waziwazi, na tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikaanza matangazo ya Kiswahili kutoka London.

Sasa fikiria hoteli ya chai ya wakati ule. Redio ni moja, imekaa juu ya rafu, na wasikilizaji ni wengi kuliko viti. Aliye karibu na kifundo cha kuzungushia ndiye anayeamua kama jioni hii ni Cairo au ni Mvita. Serikali ya mkoloni ilihangaishwa sana na Cairo, kwa sababu gazeti unaweza kulipiga marufuku lakini huwezi kuweka askari kando ya kila redio.

Shikeni mambo mawili hapa, tutayahitaji mbele. La kwanza, mamlaka yalikuwa juu ya sanduku lenyewe. Hukuhitaji kitu kingine mfukoni. La pili, mamlaka hayo yalionekana. Kama hukupenda kinachosikika, ulimjua aliyezungusha, na mngeweza kubishana ana kwa ana.

Kanda za kaseti nazo zilifuata desturi hiyohiyo. Mji wa Kale kulikuwa na duka la Mbwana Radio Service, lililojulikana kwa kanda za taarabu za kina Zein l'Abdin na Maulidi Juma. Ukinunua kanda ukaileta nyumbani Likoni, mtu yeyote wa nyumba hiyo angeweza kuitia kwenye redio na kubonyeza kitufe. Kanda haikumuuliza mtu jina wala neno la siri.

Rimoti ilikuja mapema kuliko tunavyodhani

Wengi hudhani kuamrisha chombo kwa mbali kulianza na televisheni za rangi. Kumbe kampuni ya Philco ya Marekani iliuza redio za mwaka 1939 zikiwa na kisanduku kilichoitwa Mystery Control. Hakikuwa na waya. Kilikuwa na betri na kipeto cha namba kama kile cha simu za zamani: unazungusha, kinatuma mapigo ya redio, na redio iliyo upande wa pili wa chumba inabadili kituo. Ajabu ni kwamba rimoti ile ya mwanzo ilivaa sura ya simu miaka mingi kabla simu yenyewe haijawa rimoti.

Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ikaleta Flash-Matic ya Eugene Polley, iliyotumia mwanga kama wa tochi. Mwaka 1956 ikaleta Space Command ya Robert Adler, ambayo haikuwa hata na betri: ukibonyeza, nyundo ndogo hugonga kijiti cha alumini, na mlio ambao sikio la binadamu haliusikii hupokelewa na televisheni. Baadaye ulimwengu ukahamia kwenye mwanga wa infraredi, na hapo ndipo tulipo hadi leo.

Chukua karimoti kembamba kanakokuja na wufa yako, au sabufa kama wanavyosema wenzetu wa Bongo. Nyingi kati yake hutumia itifaki ya NEC. Taa ndogo iliyo mbele inawaka na kuzima kwa kasi ya kilohezi 38, na kila ukibonyeza kitufe hutuma biti 32: anwani ya chombo, kinyume cha anwani hiyo, amri, na kinyume cha amri hiyo. Kinyume kipo ili mpokeaji ahakikishe hakusikia vibaya. Ni ujumbe mfupi, hauhitaji intaneti, hauhitaji akaunti, na hautapitwa na wakati kesho asubuhi kwa sababu kampuni fulani imetoa toleo jipya. Nitarudi kwenye karimoti haka.

Lund, 1994

Bluetooth ilianzia katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden. Mwaka 1994 mhandisi Jaap Haartsen alianza kazi ya kutafuta njia ya redio ya masafa mafupi ya kuondoa nyaya kati ya vyombo, na Sven Mattisson akashirikiana naye. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach wa Intel, kutokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeitwa Jino la Bluu. Mwezi Mei 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, zikaunda chama cha kusimamia kiwango hicho.

Ukitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba si kampuni za simu pekee. IBM, Intel na Toshiba walikuwa watu wa kompyuta. Kusudi lilikuwa kuondoa waya kati ya chombo chochote na chombo kingine.

Muziki ulipata utaratibu wake mwaka 2003, kwa kanuni inayoitwa A2DP. Kanuni hiyo inataja pande mbili tu: chanzo na kipokezi. Chanzo hutoa sauti, kipokezi hupokea na kuitoa kwenye spika. Hakuna mahali inaposema chanzo lazima kiwe simu. Kinaweza kuwa kompyuta, televisheni au kisanduku chochote chenye chipu ya redio. Kando yake kuna kanuni nyingine, AVRCP, inayobeba amri za kucheza, kusimamisha, kuruka mbele na kurudi nyuma. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe kilicho juu ya spika, wimbo unaruka kwenye chanzo. Kwa maneno mengine, wahandisi walikumbuka kukiacha kifundo juu ya sanduku. Sisi ndio tuliokisahau.

Simu ilivyokalia kiti

Kwa nini basi simu? Kwa sababu muziki wenyewe ulihamia huko. Mwaka 2007 iPhone ilitoka Marekani, na mwaka huohuo M-Pesa ilianza hapa Kenya, tukazoea kwamba jambo la maana linafanyika kwenye simu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapahapa Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Baada ya hapo nyimbo zikaanza kuingia simuni moja kwa moja, na kanda na CD zikaondoka rafuni.

Mwaka 2007 pia lilitokea jambo dogo ambalo halikuandikwa magazetini, nalo limeleta ugomvi mwingi mitaani kwetu. Zamani kuoanisha vyombo viwili kulihitaji namba ya siri, na vyombo visivyo na vitufe vya namba vilitumia 0000. Toleo la Bluetooth 2.1 likaleta njia rahisi ya kuoanisha. Chombo kisicho na kioo wala vitufe, kama spika, huruhusiwa kukubali bila kuuliza chochote. Kwa mtu anayeishi peke yake katika nyumba yenye bustani pande zote, ni raha. Kwa nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, ukuta mmoja familia mbili, ni habari nyingine. Jirani anafungua simu yake, anaona jina la wufa yako, anagusa, na mahubiri yako yamegeuka singeli.

Linganisheni na ile hoteli ya chai. Kifundo bado kipo, ila sasa hakionekani. Anayekizungusha yuko nyuma ya ukuta na huwezi kumwona.

Njia mbili za Wamarekani

Kabla ya kurudi nyumbani, tutazame kampuni mbili zilizotengeneza spika za mtandao wa nyumbani, kwa sababu historia yao ni funzo zuri.

Sonos ilianzishwa mwaka 2002 huko Santa Barbara, California, na vyombo vyake vya kwanza vilifika madukani mwaka 2005. Vilikuja na kiamrishi chake chenyewe, CR100, chenye kioo cha rangi na gurudumu la kuzungusha kwa kidole. Ona basi: mfumo mashuhuri wa spika zisizo na waya ulizaliwa bila simu. Mwaka 2008 kampuni ikatoa programu ya iPhone, ya bure. Watu wakaona kwa nini ninunue kiamrishi wakati simu ninayo? Taratibu viamrishi vikafa, na mwaka 2018 CR100 ikaachwa nje ya mfumo kabisa. Kisha Mei 2024 kampuni ikabadilisha programu ile ya simu. Toleo jipya lilikosa mambo ambayo watu walikuwa wameyazoea, kama kengele za kuamsha, na malalamiko yakawa makubwa. Mwezi Januari 2025 mkurugenzi mkuu akaondoka. Spika zilikuwa zilezile, ukutani palepale, hazikuharibika kitu. Kilichoharibika ni kifundo, na kifundo chenyewe kilikuwa ndani ya simu.

Slim Devices walikwenda njia nyingine. Mwaka 2001 walitoa kicheza muziki kilichoitwa SLIMP3, na programu ya kukiendesha ilikuwa programu huria, imeandikwa kwa Perl. Kilikuja na rimoti ya kawaida ya infraredi. Logitech ikainunua kampuni mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaacha kutengeneza vyombo hivyo. Hapo ndipo hadithi ingeisha, lakini kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, watumiaji waliendelea nao. Leo programu ile inaitwa Lyrion Music Server na bado inafanya kazi, hata kwa vyombo vya zamani. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo mnajua nimesimama upande gani.

Kinyozi wa Magongo

Sasa tuje Changamwe. Pale Magongo kuna kinyozi ninayenyoa kwake tangu nikiwa chuoni. Ana wufa kubwa ya Bluetooth, na kwa muda mrefu chanzo cha muziki kilikuwa simu yake. Simu hiyohiyo ndiyo ya M-Pesa. Kila mteja akilipa, muziki unakatika, mlio wa ujumbe unasikika mpaka barabarani, kisha wimbo unarudi. Akienda kula, muziki unaenda naye. Hayo anaweza kuyavumilia.

Ambalo hakuweza kulivumilia ni hili. Spika nyingi za Bluetooth zina maikrofoni, na hujitangaza kwa simu si kama kipokezi cha muziki tu, bali pia kama kifaa cha kupigia simu. Siku moja anayemdai kodi ya chumba alipiga. Yeye alikuwa ameshika mashine kichwani kwa mteja, kijana wake wa kazi akagusa kitufe kijani, na dai lote, kiasi na miezi, likasomwa kwa sauti ya wufa mbele ya watu sita. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliinamisha gazeti, wengine wakatazama chini. Jioni yake aliniambia, "Ndugu yangu, nitolee simu yangu kwenye hii spika. Mambo yangu yabaki mfukoni mwangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la spika bila simu si la watu wanaopenda kuchezea mitambo tu. Mtu anataka chombo cha kazi kiwe cha kazi, na siri zake ziwe zake.

Tulivyofanya

Kama wufa yako ina tundu la flashi, suluhisho rahisi unalo tayari: jaza nyimbo kwenye flashi, tumia rimoti yake, basi. Waya wa AUX kutoka kompyuta ya zamani nao unatosha. Yake ilikuwa na tundu lililokufa na imefungwa juu ukutani mbali na meza, kwa hiyo tulibaki na Bluetooth.

Chanzo kipya ni Raspberry Pi. Kompyuta hii ndogo ilianza kuuzwa Februari 2012, na tangu Pi 3 ya mwaka 2016 ina Bluetooth ndani yake. Inaendeshwa na Linux, na Linux imekuwa na BlueZ, programu za Bluetooth zilizotolewa na Qualcomm mwaka 2001. Toleo la 5, la Desemba 2012, lilileta chombo kinachoitwa bluetoothctl, na hicho ndicho kiti cha simu kilichorudishwa kwa mwenyewe. Unaandika amri nne, kila moja baada ya jina bluetoothctl:

scan on
pair XX:XX:XX:XX:XX:XX
trust XX:XX:XX:XX:XX:XX
connect XX:XX:XX:XX:XX:XX

Hizo X ni anwani ya spika yako, biti 48, ambayo utaiona baada ya amri ya kwanza. Amri ya pili inabadilishana ufunguo na kuuhifadhi kwenye diski, kwa hiyo hufanywa mara moja tu. Amri ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo muhimu. Spika nyingi zikiwashwa humtafuta zenyewe mwenzi wao wa mwisho. Bila trust, kompyuta itasubiri mtu aseme "mruhusu", na pale hakuna kioo wala mtu wa kusema. Ukishaiamini, asubuhi kinyozi anawasha umeme tu na viwili hivyo vinatafutana.

Jambo la pili ni sauti yenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani kazi hii hufanywa na PulseAudio au PipeWire, lakini kwa kawaida hizo huanza mtumiaji akishaingia. Kwa kisanduku kisicho na kioo nilitumia bluez-alsa, ambayo huanza pamoja na mashine. Juu yake nikaweka MPD, kicheza muziki ambacho hukaa kimya nyuma na kusubiri amri.

Kifundo je? Hapa ndipo karimoti kanaporudi. Fundi aliye mlango wa pili alikuwa na rimoti ya king'amuzi kilichokufa. Tulichomeka kipokezi cha infraredi cha kilohezi 38 kwenye Pi, kitu kidogo chenye miguu mitatu, na Linux ina uwezo wa kusoma itifaki za NEC, RC-5 na nyinginezo bila kuongeza kitu. Sikutumia rimoti ya wufa yenyewe, kwa sababu ukibonyeza mara moja vyombo viwili vingesikia amri moja. Kitufe cha namba 1 ni taarabu, 2 ni bongo fleva, 3 ni kasida za Ijumaa, na kile chekundu kinazima. Rimoti imening'inizwa kwa kamba kando ya kioo. Anayeitaka anainyanyua, na wote wanamwona.

Na jirani? Wufa ile humkubali mwenzi mmoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa Pi inaunganishwa mara umeme unapowaka na haiondoki kwenda kula, nafasi haibaki wazi. Huo si ulinzi wa benki, ni sawa na kukaa mapema kwenye kiti. Kwa kinyozi unatosha.

Tunakoelekea

Januari 2020 wenye Bluetooth walitangaza mfumo mpya wa sauti, LE Audio, na mwaka 2022 sehemu yake moja ikapewa jina Auracast. Kwa Auracast chanzo kimoja kinaweza kutangaza, na spika zozote zilizo karibu zikapokea, bila kuoanishwa moja moja. Ukiitazama vizuri, hiyo ni redio tena: kituo kimoja, wasikilizaji wengi. Kuna spika ambazo tayari zina kitufe cha Auracast juu yake. Lakini kiwango hicho kimeacha nafasi ya "msaidizi" wa kukuchagulia matangazo, na kwa kawaida anayetajwa kwanza ni, mmekisia, simu. Kiti kimeshawekwa tayari.

Kwa hiyo mkienda dukani, iwe Kongowea au kisiwani, msiulize wati tu. Uliza: vitufe viko juu ya spika yenyewe? Ina rimoti? Itafanya kazi bila kusakinisha programu ya kampuni? Ina tundu la waya? Spika yenye majibu manne ya ndiyo utaitumia hata kampuni iliyoitengeneza ikishafungwa. Isiyo nayo umeikodi tu, hata kama ulilipa pesa taslimu.

Mwenye Pi na spika, ajaribu zile amri nne wikendi hii. Tuonane wiki ijayo, inshallah.